Robo ya Shimo

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa meza moja na nusu kutoka kwa mtu tuliyemwita Shimo. Nasema nusu kwa sababu meza ya tatu ilikuwa imevunjika miguu ya upande mmoja, na Chuo kiliahidi kuitengeneza. Mimi nafundisha sauti na mawimbi. Yeye alifundisha hesabu za fizikia kwa mwaka wa pili, asubuhi tu, na baada ya hapo alikuwa hayupo, ingawa amekaa palepale na sweta lake. Alikuwa kwenye mashimo meusi.

Jina walimpa wanafunzi, na wala halikumkera. Mtaani kwake ndiko lilikomletea wateja. Jirani mmoja, muuza mabati, alisikia kwamba yule mwalimu mrefu ni bingwa wa mashimo, akaja kumuuliza kwa nini shimo lake la choo linajaa kila baada ya miezi minne. Mtu mwingine angecheka yaishe. Shimo alimpa kiti, akachukua karatasi, akamweleza kwa nusu saa kwamba shimo la aina anayoijua yeye halijai kamwe: kila kinachotumbukia kinalikuza zaidi, na hakitoki kitu, hata mwanga. Jirani alisikiliza kwa adabu zote. Mwishoni akauliza, "Sasa la namna hiyo fundi wake unaye?"

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Ni mwanamke ambaye akisema "Sukuma!" hata waume waliosimama koridoni husukuma. Alimpenda mumewe kama mtu anavyopenda saa ya ukutani iliyosimama: haisaidii, lakini ukuta ungekuwa mtupu. Mabinti zao mapacha walipoulizwa shuleni baba yao anafanya kazi gani, mmoja alisema mwalimu, mwingine alisema anafikiria. Wote wawili walipewa alama.

Nieleze alichokuwa akikitafuta, maana bila hivyo hamtauona uchungu wake. Wataalamu wa mambo haya wanadhani kwamba ulimwengu, ulipokuwa mchanga kiasi kwamba hata sekunde ilikuwa umri mkubwa, ulifumuka ghafla. Mfumuko huo, na si ule wa bei, ulikichukua kitu kidogo kuliko punje ya vumbi ukakitandaza kikawa mwanzo wa kila tunachokiona. Lakini haukukitandaza sawasawa. Kama unga uliokorogwa kwa haraka, yalibaki mabonge. Mengi yalikuwa hafifu, na humo zikazaliwa nyota baadaye. Shimo aliamini kwamba machache yalikuwa mazito mno, yakajikunja yenyewe na kuwa mashimo meusi kabla nyota yoyote haijazaliwa. Na akaamini kwamba mashimo hayo yako mengi hadi leo, yametapakaa kila mahali, na kwamba ndiyo ule uzito uliojificha angani ambao kila mtu anaona unavuta na hakuna anayeuona.

Kazi hiyo ilimla miaka kumi na mmoja, kwa kalamu na karatasi na kompyuta moja iliyokuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu. Mwishowe akatoa makala ya kurasa thelathini na nne katika jarida la nje. Kwa hesabu yake mwenyewe waliisoma watu tisa, mmoja wao kwa bahati mbaya.

Chuo hakikuwa miongoni mwa hao tisa. Aliomba uprofesa mara nne. Fomu ya kupandishwa cheo ina kisanduku kimeandikwa *Wanufaika wa utafiti*. Mara ya kwanza Shimo aliandika: "Ulimwengu." Fomu ikarudi na wino mwekundu: "Taja wilaya."

Basi akabaki mhadhiri mwandamizi, na angestaafu hivyo, kama Chuo chetu kisingeshika mkia kwenye orodha fulani ya vyuo. Sijui nani hupanga orodha hizo. Nilichokiona ni Mkuu wa Kitivo akipita koridoni mbio, mtu ambaye kwa kawaida hutembea kama jeneza linabebwa, akitafuta ugunduzi. Alimtuma Afisa Habari aupekue Chuo chumba kwa chumba. Afisa Habari alikuwa kijana wa suti ya kubana na simu mbili, na akafika kwetu siku ya tatu.

"Dokta," alimwambia Shimo, "ni kweli umegundua shimo jeusi?"

"Sijagundua. Nimekadiria kwamba yapo, ya zamani sana, na ni mengi."

"Mengi!" Afisa Habari akaandika. "Kama mangapi hivi?"

Shimo akataja namba yenye sifuri ambazo zingejaza mstari mzima. Kijana akaacha kuandika, akaketi kwenye meza iliyovunjika, ikamwangusha. Akainuka anatabasamu. Ndani ya wiki moja tarehe ya sherehe ilikuwa imepangwa, hema limeagizwa, mgeni rasmi amekubali, na bango limetundikwa getini: CHUO CHETU CHAGUNDUA MASHIMO MEUSI. Chini yake palikuwa na picha ya Mkuu wa Kitivo.

Nisiseme uongo: Shimo alifurahi. Alinyoa. Alikuja kazini na tai, akawa anasimama karibu na bango kama mtu anayesubiri mwenzake. Ukinyimwa maji miaka kumi na mmoja, huulizi glasi imeoshwa na nani.

Wakati huohuo alikuwa na mwanafunzi mmoja wa uzamili, mwalimu wa sekondari aliyekuja mchana baada ya vipindi vyake, mikono ya blauzi ikiwa na vumbi la chaki. Tulimwita Penseli, kwa sababu alikuwa nayo sikioni wakati wote. Shimo alimpa kazi ambayo wasimamizi huwapa wanafunzi ambao hawataki kusumbuliwa nao: arudie hesabu zote za makala ile, kwa namba zilizo safi zaidi, athibitishe. Penseli alikuwa na kasoro moja. Alikuwa akirudia kweli.

Alikuja Jumanne moja, akasimama mbele ya meza ya Shimo, karatasi kifuani.

"Mwalimu, ukurasa wa kumi na saba."

"Una nini?"

"Naona mabonge yamehesabiwa mara mbili. Ukishalihesabu la kulia, la kushoto ni lilelile."

Shimo hakuangalia karatasi. "Hiyo ni mbili tu. Gawa kwa mbili, endelea."

"Ingekuwa nje ningegawa, Mwalimu. Lakini iko kwenye kipeo."

Hapo hata mimi wa mawimbi niliacha kusahihisha mitihani. Kosa la mara mbili likikaa mahali pa kawaida ni kama chumvi kuzidi kijiko. Likikaa kwenye kipeo, ile namba ndogo ya juu inayosema kitu kizidishwe chenyewe mara ngapi, hujizidisha lenyewe kwa lenyewe, na linaweza kugeuza milima kuwa hewa.

Shimo alimshukuru. Alimshukuru vizuri sana. Kisha akafungua kabati, akatoa makala arobaini za watu wengine, akamwambia azisome zote kwanza, kwa makini, ndipo wazungumze. Zilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Penseli akazipakata akaondoka, na Shimo akarudi kuifanyia mazoezi hotuba yake. Nilimtazama. Akasema bila kugeuka, "Usinitazame hivyo."

Alidhani amepata mwaka. Penseli alizimaliza kwa wiki tatu. Katika ya kumi na mbili alikuta mtaalamu mmoja akiwaonya wenzake juu ya kosa lilelile, kwa lugha ya kuwasimanga. Alipokuja ofisini Shimo alikuwa na kikao. Akaja tena, ana kikao. Mara ya tatu nilimwambia kikao hicho kiko chooni. Basi Jumamosi akazirudisha makala nyumbani kwa Shimo.

Haya niliyasikia kwa Mama Pacha mwenyewe, na sina sababu ya kumtilia shaka. Alimkaribisha Penseli chai, akaona uso wake.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, Mama. Nimeleta karatasi za Mwalimu."

"Mimi nimeona wanaume na misuli yao wakizimia mlangoni mwa wodi. Uso wa mtu aliyebana kitu naujua. Sema."

Shimo alikuwa hapohapo, anakunywa chai yake taratibu kama mtu anayeombea kikombe kisiishe. Penseli akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu amehesabu kila bonge mara mbili."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Baba Pacha, ni kweli?"

"Kuna mjadala."

"Sijauliza kama kuna mjadala. Wodini kwangu mtu akihesabu watoto mara mbili, tunampumzisha. Ni kweli?"

"Sijaangalia."

"Wiki tatu?"

Shimo akainua kikombe. Mama Pacha akachukua kikombe mkononi mwake, kikiwa bado na chai, akaenda kukiosha.

Jumatatu Shimo alikuja bila tai. Akafungua ukurasa wa kumi na saba, akakaa nao siku tatu. Alasiri ya siku ya tatu akaweka kalamu chini.

"Robo," akasema.

"Robo ya nini?"

"Ya shimo. Katika ulimwengu wote unaoonekana. Robo na kidogo."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mfiwa, kwamba maana yake si kwamba kuna kipande cha shimo kinaelea mahali. Maana yake ni kwamba, kwa nadharia yake, uwezekano wa kuwepo hata shimo moja tu la aina hiyo, moja, katika mbingu nzima, ni kama moja kwa nne. Kutoka namba ya mstari mzima hadi hapo. Alivua miwani akaifuta kwa sweta, akaendelea kuifuta muda mrefu baada ya kuwa safi.

Tulikwenda pamoja kwa Mkuu wa Kitivo. Niliombwa niwe shahidi, na kweli nilitaka kuona. Afisa Habari alikuwepo, simu zote mbili mezani.

"Sherehe iahirishwe," Shimo alisema. "Nilikosea. Mashimo hayapo."

Mkuu wa Kitivo alitabasamu kama anayesikia mtoto akikataa kuoga. "Dokta, unyenyekevu ni jambo jema."

"Si unyenyekevu, ni kipeo. Limebaki robo."

Afisa Habari akainua kichwa. "Robo ya shimo jeusi?"

"Ndiyo."

"Kwani robo ya shimo si shimo?"

Nilimwangalia Shimo kuona kama atamrukia. Alikuwa akilifikiria swali. Ndiyo taabu ya watu wa aina yake: ukiwauliza upuuzi kwa sauti ya heshima, wanautafutia jibu.

"Hema limeshalipiwa," Mkuu wa Kitivo akasema. "Mgeni rasmi hawezi kuambiwa asije kwa sababu ya hesabu. Hiyo nyingine mtaitoa baadaye, kwenye majarida yenu huko." Neno *huko* alilisema akionyesha dirishani, kama vile majarida yanatupwa uani.

Tukiwa koridoni Shimo aliapa. Alisema atapanda jukwaani na atasema ukweli, liwalo na liwe. Aliandika maneno yake kwenye karatasi moja, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Nilimpa mkono.

Siku ikafika. Hema jeupe, viti vyenye vitambaa, spika zinazokoroma. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, kisha akahutubia saa moja juu ya umuhimu wa kuwahi. Mapacha walikaa mstari wa mbele na magauni mapya. Penseli alikuwa mstari wa sita. Mshereheshaji akamtangaza "mtu aliyetuletea mashimo nyumbani," watu wakasimama, makofi yakapigwa hata na wapishi, na Shimo akapanda.

Ningependa kuwaambia kwamba alitoa ile karatasi. Aliigusa, mkono wake niliuona mfukoni. Kisha akawaona mabinti zake, wote wawili wakimrekodi, akaishusha mikono na kuifungua hotuba iliyoandikwa na Afisa Habari. Aliisoma yote. Palipoandikwa "nimegundua mashimo meusi" yeye akasoma "nimeshughulika na mashimo meusi." Huo ndio ulikuwa ujasiri wake wote, neno moja, na hakuna aliyelisikia isipokuwa mimi na Penseli, ambaye aliinuka akatoka nje taratibu, akiomba radhi kwa kila goti alilolipita.

Alipewa ngao ya mbao yenye maandishi ya dhahabu. Mkuu wa Kitivo aliomba aishike kidogo kwa ajili ya picha, na tangu hapo iko ofisini kwake.

Kurudi nyumbani, Mama Pacha hakugomba. Alivua viatu, akakaa, akasema, "Miaka ishirini na sita nimepokea watoto. Wote wapo. Wanatembea, wanakula, wengine ni wezi. Sijapewa hata kijiko. Wewe umepewa ngao kwa vitu visivyokuwepo." Kisha akaongeza, "Yule binti ameondoka peke yake. Utamfuata au utanitia aibu mimi na mapacha?"

Alimfuata. Jumatatu alikwenda hadi shule anayofundisha, akasubiri kengele kwenye benchi la wazazi wenye kesi. Sijui walichosemezana. Najua kwamba mwezi uliofuata walituma makala ya masahihisho, kurasa tano, jina la Penseli kwanza na la Shimo la pili. Shimo alijaribu kidogo kulitanguliza lake, kwa hoja ya mpangilio wa herufi za majina yao halisi. Alipofika nyumbani na hoja hiyo, alirudi ameiacha.

Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka tumbo linaniuma kwa kicheko. Kamati ya vyeo ilikaa. Shimo hakuwa ameomba. Magazeti yalikuwa yameandika, orodha ya vyuo ilikuwa inakaribia, na Chuo hakiwezi kuwa na mgunduzi asiye profesa. Kanuni inataka machapisho mawili mapya. Wakahesabu: makala yenye kosa, moja, makala ya kulisahihisha kosa, mbili. Zimetimia. Kisanduku cha wanufaika Mkuu wa Kitivo alikijaza kwa mkono wake: "Wilaya zote." Hivyo mwenzangu akawa profesa kwa kukosea, kisha kukosolewa. Mimi, ambaye sikuwahi kukosea hadharani kwa kuwa sikuwahi kuandika chochote, nilibaki nilipo, na ni haki.

Aliukubali uprofesa. Nilimuuliza kama haoni haya. "Naona," alisema. "Lakini nina miaka hamsini na saba."

Penseli naye akafika kwenye utetezi wa tasnifu yake. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Mkuu wa Kitivo, na safari hii alikuwa ameisoma, walau ukurasa wa mwisho.

"Umeandika kwamba hakuna," alisema. "Miaka miwili ya masomo, matokeo hakuna?"

"Matokeo yapo," Penseli akajibu. "Yanasema hakuna."

"Hitimisho hili linapingana na msimamo wa Chuo."

Ndipo nilipojua kwamba Chuo chetu kina msimamo rasmi kuhusu sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Kuhusu maji chooni hakijawahi kuwa nao. Wajumbe wengine wawili walitazama meza. Mmoja akapendekeza abadilishe neno "hakuna" liwe "utafiti zaidi unahitajika."

"Siwezi," Penseli alisema. Akaisukuma penseli yake sikioni ikae sawasawa.

Shimo akasimama. Nilidhani anaenda kunywa maji.

"Msimamo wa Chuo," alisema, "ni kosa langu. Ukurasa wa kumi na saba. Nililifanya mimi, nikalificha wiki tatu, kisha nikalisomea hotuba mbele ya watoto wangu. Aliyeliona ni huyu." Akamgeukia karani wa kikao. "Mama, andika hayo kwenye kumbukumbu. Nilipokuwa dokta nilisema mkasema ni unyenyekevu. Sasa mimi ni profesa, andika."

Karani alimtazama Mkuu wa Kitivo, akamtazama Shimo, akaandika. Nilisikia kalamu. Mkuu wa Kitivo alikohoa, akauliza kama kuna swali la ziada, hakukuwa na mwenye swali. Penseli alifaulu, kwa sharti la marekebisho madogo: apanue pambizo za kushoto.

Walimpa nafasi ya kuwa msaidizi wa utafiti, bila mkataba na bila meza. Akasema asante, akarudi kwenye shule yake. Jumamosi huja, na wao wawili hugombana juu ya aina nyingine ya mfumuko ambayo huenda iliacha mabonge mazito zaidi. Yeye anadhani haiwezekani. Profesa anadhani inawezekana. Ninavyowafahamu, naogopa kuweka dau upande wa Profesa.

Bango halijatolewa getini. Mwezi uliopita shule moja ya msingi ilileta watoto sitini, sare zimenyooka, chupa za maji shingoni, waje kuliona shimo jeusi. Mlinzi hakujua la kufanya, akawapeleka kwa Profesa. Aliwakalisha kwenye nyasi akawaeleza yote, mfumuko, mabonge, kipeo, na jinsi alivyokosea; alichora kwa kijiti ardhini. Walitulia kuliko mwaka wa pili wanavyotulia. Alipomaliza, msichana mmoja wa mbele alinyoosha mkono.

"Kwa hiyo hapa hakuna shimo?"

"Hakuna."

"Tumekuja bure?"

"Nyinyi mmejua kwa saa moja," Profesa alisema. "Mimi ilinichukua miaka kumi na mmoja."

Watoto waliridhika, wakainuka kujipangusa nyasi. Mwalimu wao ndiye aliyeninunia mimi niliyekuwa nimesimama pembeni: wazazi walikuwa wameahidiwa picha za shimo.